Mashine Niliyonunua kwa Hasira

Mashine yangu ya kwanza ya kuchomelea niliichagua kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja: fundi wa kuchomelea mwenye gereji nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Tabora mjini. Sijui kama nimewahi kumchukia mtu vile. Kila asubuhi nikipita mbele ya gereji yake kwenda shuleni kufundisha, alivua kinyago chake cha kuchomelea, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mpagazi! Mzigo wako wa leo uko wapi?"

Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Wenye kujua watasema basi ni watani, ubaya uko wapi. Babu zetu walibeba meno ya tembo kutoka huku mpaka pwani, wakapita kwao, wakagombana, wakauguzana, wakazikana, na mwisho wa yote wakaachiana ruhusa ya kutukanana bila kuwekeana kinyongo. Ruhusa hiyo ndiyo aliyoitumia kwenye msiba wa baba yangu.

Baba alikuwa na pikapu yake, na maisha yake yote yalikuwa humo. Alichukua asali na nta Ipole na Sikonge, akaleta mjini, akarudi kuchukua nyingine. Siku tunamzika, jeneza lilikuwa nyuma ya pikapu hiyohiyo, tunakwenda Ipole kwenye makaburi ya ukoo. Gari lilipowashwa, fundi akalala chali barabarani mbele ya magurudumu. Alikuwa amevaa kofia ya baba, ile pama ya kahawia, ambayo sijui aliingia ndani kwetu saa ngapi akaichukua. Akaanza kuiga baba alivyokuwa akikohoa kabla ya kubadili gia.

"Siondoki!" alipiga kelele. "Mpagazi gani huyu anasafiri bila kuniaga? Nipeni changu kwanza!"

Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Mama yangu, mjane wa siku moja, alicheka mpaka akashika mbavu. Mchungaji aliinamisha uso kwenye kitabu chake, mabega yakimtikisika. Kaka yangu, mkubwa wetu, akampa fundi jogoo, na ndipo alipoinuka, akajipangusa vumbi na kupanda nyuma kukaa na jeneza. Mimi sikucheka. Nilitamani dereva akanyage mafuta.

Tuliporudi mjini jioni ile, alichomoa ufunguo wa pikapu akaondoka nao, kofia kichwani. Ufunguo ulikuwa huo mmoja tu. Mama akanishika mkono nilipotaka kumfuata.

"Ni mtani huyo, mwanangu. Huwezi kumkasirikia. Ataurudisha."

Hakuurudisha. Aliutundika kwenye msumari ukutani kwenye gereji yake, mahali ambapo kila mpita njia aliuona, na kofia akawa anaivaa kila siku ya Mungu.

Pikapu ikakaa uani kwetu masika mawili. Injini haikuwa na tatizo, ilidai betri tu. Kilichooza ni sakafu. Miaka yote ya biashara ya baba asali ilimwagika, maji ya kuoshea yakaingia chini ya mazulia, kutu ikala taratibu, mpaka upande wa dereva ukikanyaga unaona majani. Mama hakuwa mtu wa kuomba vitu, lakini siku moja alisema anatamani kuupeleka Ipole ule msalaba wa zege wa kaburi la baba, ambao kanisa lilikuwa limetengeneza, kwa gari la baba mwenyewe. Alisema mara moja tu, akaendelea kuchambua mchele.

Kaka yangu alikuwa na mipango mingine. Alitaka ua ule ajenge vyumba. Alinipigia simu likizo ya Juni ilipoanza, akaniambia Jumamosi ya mwisho wa likizo anakuja na watu wa chuma chakavu. "Likitembea, litoke. Lisipotembea, linakatwa hapohapo." Kwa sauti yake ungedhani anazungumzia mti mkavu.

Nilikasirika, na nikikasirika huwa nafanya mambo. Tangu utoto nilikuwa nikimshikia baba tochi akiwa chini ya gari, na siku zote nilitaka kitu cha kujishughulisha nacho wikendi zaidi ya kusahihisha madaftari. Nitajifunza kuchomelea. Nitaanza na sakafu, halafu milango, halafu bodi lote. Nafundisha fizikia, umeme naufahamu, kitu gani kitanishinda? Kumpelekea fundi yule kazi hiyo sikufikiria hata dakika moja.

Dukani walikuwa na mashine tatu zilizopangwa sakafuni. Moja ilikuwa dude la kienyeji, limesukwa kwa shaba ndani ya sanduku la chuma, zito la kubebwa na watu wawili. Ya pili ilikuwa ya kisasa, ndogo, yenye mkanda wa kuvaa begani, nayo inatumia fimbo za kuchomelea kama lile dude. Ya tatu ilikuwa ndogo pia, lakini haitumii fimbo. Waya mwembamba unatoka wenyewe kwenye bomba la mpira ukibonyeza kitufe. Nilikuwa nimeinama naisoma hiyo ya tatu niliposikia harufu ya chuma kilichoungua nyuma yangu. Fundi alikuwa amekuja kununua fimbo zake.

"Mwalimu," akasema, "kwa bati la gari chukua hiyo ya waya. Lile dude litakushinda."

Hakupaza sauti, wala hakucheka. Alilipia fimbo zake akatoka.

Niliganda pale naona moto kichwani. Litakushinda! Mwanamke, mwalimu wa chaki, abebe kitoto cha mashine kwapani kama mkoba. Na huyo ni mtani. Lini mtani wako amewahi kukuelekeza njia isipokuwa ya kukupeleka shimoni? Akikwambia kulia, unakwenda kushoto, hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Nikamwambia mwenye duka anipe lile dude.

Lilikuja nyumbani kwa mkokoteni. Tulipopita gereji, fundi alikuwa amesimama mlangoni na pama ya baba kichwani. Alilitazama dude, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza alichelewa kusema kitu. Kisha akapaza sauti: "Haya jamani, mpagazi amepata mzigo wake!" Mtaa ukacheka, na mimi nikacheka moyoni nikijua nimemkomoa.

Siku ya kwanza nilipogusa bati kwa fimbo, dude lilinguruma na taa za nyumba nne zikafifia. Jirani wa kushoto alitoka na upawa mkononi akauliza kama nataka kuua friji lake. Nilipovua kinyago kutazama kazi yangu, pale palipokuwa na tundu la kupitisha kidole palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Nikapunguza moto. Fimbo ikaganda kwenye bati kama ukoko kwenye sufuria, nikaivuta, ikatoka na kipande cha gari. Nikaongeza moto, likatoboka tena. Siku ya tatu kuku wa jirani alipita chini ya gari akachomoza kichwa kwenye sakafu ya dereva, akanitazama.

Na mtaa mzima ulikuwa unajua, maana kila taa zilipofifia watu walijua ninachofanya. Sauti ya fundi ilinifikia kupitia uzio: "Mpagazi, hilo ni gari au chekeche?" Nilikuwa nalia ndani ya kinyago, na machozi ndani ya kinyago huna hata pa kuyafutia. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi watu wa chuma wanakuja, na mimi nilikuwa nimewasaidia kazi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda gereji. Kila hatua niliilaani. Mama alikuwa ameamka akaupangusa ule msalaba wa zege kwa kitambaa kibichi, na hakuniuliza lolote. Angeniuliza nisingekwenda.

"Shikamoo," nikamwambia fundi, nikitazama ufunguo wetu kwenye msumari wake.

"Marahaba, mpagazi. Umetoboa?"

"Nimetoboa."

Nilisubiri acheke. Aliingia ndani akatoka na mashine yake ya waya, ndogo, imejaa masizi, akanitupia kinyago na kuniambia nitangulie. Nilidhani anakuja kunifanyia. Tulipofika uani, akageuza ndoo, akakaa, akavuta pama mpaka kwenye nyusi.

"Mimi gari la mtani wangu silishiki," akasema. "Shika wewe uliyeliharibu."

Ndivyo siku mbili zilivyopita. Mimi kwenye sakafu kwa magoti, yeye kwenye ndoo, anatukana. Alinifanya nisugue kutu mpaka chuma king'ae kama kijiko, na alipoona doa moja akauliza kama Wanyamwezi huwa tunaoga hivyohivyo. Alinifanya nikate bati lililooza lote, hata lile nililolionea huruma, mpaka pikapu haikuwa na sakafu kabisa upande mmoja. Kisha bati jipya. Nilipiga mstari mrefu, bati likajikunja kwa joto.

"Nani kakwambia ushone? Dondoa! Nukta hapa, nukta kule, acha lipoe. Una haraka ya kwenda wapi, pwani? Babu zako walikwenda kwa miguu!"

Nikadondoa. Nukta hapa, nukta kule, mkono juu ya bati kupima joto, halafu nukta nyingine. Taa za majirani hazikufifia. Bati halikutoboka. Nilimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa matusi yote, kwamba ilikuwa rahisi na alikuwa ameketi tu.

Ijumaa alasiri alisimama, akapanda ndani ya gari, akarukaruka kwa uzito wake wote kwenye sakafu yangu. Akachukua nyundo akagonga kila nukta, sikio karibu. Moja ikaachia. Akanionyesha kwa kidole, nikarudia. Akagonga tena. Kisha akatoa ufunguo kwenye mfuko wa ovaroli, akautupa juu ya bati jipya.

Nikaunyakua, na si kwa shukrani. "Ungeniambia tangu mwanzo," nikasema. "Pale dukani. Ulikuwa unajua, ukaniacha ninunue lile dude."

"Nilikwambia."

"Ulikuwa unanitania!"

"Nilikuita Mwalimu," akasema. "Nimewahi kukuita Mwalimu nikikutania? Baba yako angejua hapohapo."

Nilikwenda kunawa mikono nikanawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ni kweli. Baba alikuwa akikaa kwenye benchi la gereji ile kila jioni, wakitukanana mpaka kahawa ipoe, na katikati ya matusi wakipeana habari za kweli za barabara, za bei ya nta, za ugonjwa. Nilikuwa nikipita hapo tangu nikiwa msichana, na matusi tu ndiyo niliyosikia.

Jumamosi kaka yangu alipofika na lori la chuma chakavu, betri mpya ilikuwa imeshafungwa na sisi tulikuwa getini tunatoka. Mama alikuwa mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani. Fundi alikuwa nyuma, ameukumbatia msalaba usitingishike. Kaka alinyoosha mkono tusimame. Nilimpigia honi kama mtu nisiyemjua, akaruka pembeni.

Tukapita Sikonge. Ndipo mama alipovua kiatu, akapapasa bati kwa wayo wake, nukta moja baada ya nyingine.

"Pana vipele," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akauacha mguu hapo mpaka Ipole.

Makaburini tuliusimika msalaba, mama akasali, tukaimba ubeti mmoja. Kisha fundi akasimama miguuni pa kaburi, pama mikononi, anaizungusha. Alionekana mzee. Nilitazama kofia ile ya baba na hasira yangu yote ikarudi, ya barabarani, ya msumari, ya "mpagazi" ya kila asubuhi.

"We Mzaramo," nikamwambia, "siku ukifa nitalala mlangoni kwako, na jeneza halitoki mpaka wanipe hiyo kofia na ile mashine ya waya. Na sitachukua jogoo!"

Mama akashtuka. Nilikuwa nimesema kwa sauti ya ugomvi, na ugomvi ulikuwa wa kweli. Fundi alinitazama, akafungua mdomo, nikadhani ananijibu. Akafunika uso kwa pama ya baba na mabega yakaanza kumtikisika, na si kwa kicheko.

"Tangu afe huyu," akasema ndani ya kofia, "hakuna mtu aliyenitukana."