Konokono Hawaamki Saa Tatu

Nilirudi Kisumu kwa sababu ya sentensi moja niliyoiandika mwenyewe. Mwaka jana, nikiwa mkaguzi wa mfuko wa serikali unaogharimia utafiti, nilitembelea maabara ndogo ya kichocho kando ya ziwa, nikaandika: "Asubuhi wafanyakazi hukaa bure wakitazama vikombe vya maji." Kwa sentensi hiyo kamati ya mfuko ilikaribia kuufunga mradi. Ndipo ikaja barua ya Mama Akoth, mtaalamu wa maabara ile: "Madam, rudi. Safari hii ukae mpaka mchana."

Sikupenda kufundishwa kazi, lakini nilikwenda.

Jumatano, saa moja asubuhi, Mama Akoth alinipitia mtaa wa Milimani nilikolala. Ni mwanamke mfupi wa makamo, mwenye gambuti zinazomfika magotini. Tulipofika mtaa wa Kondele alisimamisha gari akanunua mandazi, maana tungekaa sana. Ufukweni alichota magugu kwa chekecheke lenye mpini mrefu, akatoa konokono wadogo kama ukucha. Niliposogea, alinizuia.

"Kaa huko juu, Madam. Mwaka jana ulivua viatu ukaingia."

Nilikumbuka. Picha tuliyopigwa siku ile, mimi na mwenyekiti wa kamati aliyefuatana nami tumekunja suruali tukicheka majini, ndiyo jalada la ripoti yetu ya mwaka.

Saa tatu tulikuwa maabarani. Kila konokono alitiwa kwenye kikombe chake cha maji safi, vikombe vikapangwa juani, kisha watu wakakaa. Nami nikakaa. Ilichosha kweli. Nilimaliza mandazi, nikatazama saa, nikaanza kuiamini tena sentensi yangu.

"Hakuna kingine cha kufanya?" niliuliza.

"Hii konokono inangoja jua, na sisi tunaingoja," alijibu Mama Akoth. "Mwaka jana ulitoka hapa saa nne ukaenda kula samaki. Saa sita ukaingia kwa maji, mkapigwa picha."

Saa sita aliniita kwenye kikombe cha saba. Maji yaliyokuwa maangavu sasa yalikuwa na kama vumbi jeupe, na vumbi hilo lilikuwa likiogelea. Hivyo ndivyo vimelea vya kichocho, vinavyotoka kwa konokono jua likipanda na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kujua. Mama Akoth aliandika daftarini idadi yavyo na jina la ufukwe. Kwa daftari lile hujulikana ni wapi dawa ipelekwe kwanza.

Ugonjwa huu ni wa wavuvi, wafua nguo na watoto wanaoogelea, na hakuna kampuni itakayotafuta faida kwao. Ni kazi ya fedha za umma, nami naisema sasa bila kigugumizi.

"Na Madam, ulipimwa?"

Sikuwa nimepimwa. Akanipa kikopo chenye kifuniko, cha kutilia choo. Nilikipokea kwa aibu.

Alhamisi asubuhi nilikirudisha, nimekifunga katika mifuko miwili. Baadaye aliniita kwenye darubini. "Angalia mwenyewe." Niliona yai moja la kichocho, lenye mwiba ubavuni. Nilikasirika, kisha nikaona haya, maana jibu langu lilitoka kwa watu niliowaita wakaaji bure. Siku hiyohiyo nilimeza vidonge kliniki.

"Utapona," alisema akinisindikiza garini. "Lakini sisi tukifungwa, nani atapima hawa wengine?"

Nairobi, Jumatatu, niliifuta sentensi yangu mbele ya kamati. Niliwaambia nimejifunza kwamba kuna kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kungoja, na kwamba aliyeondoka mapema ndiye aliyekuwa mvivu. Mwenyekiti akauliza ushahidi uko wapi. Nikaweka mezani ripoti yetu ya mwaka, jalada likiwa juu, nikaeleza nilichotoka nacho majini pale.

Mradi ulipitishwa. Watu walipoinuka, mwenyekiti alibaki akiitazama picha. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini Mama Akoth hupokea vikopo siku gani.