Shanga za Mama Mkwe Zilivyogeuka Malikale

Nimekosa, na kosa lenyewe ukilisikia utacheka kabla hujanilaumu. Cheka tu. Mimi mwenyewe nilianza kwa kucheka.

Naishi pembezoni mwa mji wa Tabora, upande wa Itetemia, nyuma ya kilima cha mawe. Kuna kampuni inachimba kokoto hapo. Wakipiga baruti, vyombo vinagongana kabatini. Ukuta wa chumba cha mama mkwe wangu umepasuka, na nguo unazianika nyeupe unazianua za kahawia. Tukasikia sasa wanataka kusogea upande wetu.

Kabla hawajapewa ruhusa, akaja mtaalamu wa malikale, dada mpole nitakayemwita Neema. Alitakiwa akague kilima aone kama kuna mabaki ya watu wa zamani. Akatueleza kwamba wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu walipita maeneo haya wakienda pwani.

"Nikikuta kambi yao," akasema, "sehemu hiyo haitaguswa."

Haitaguswa! Ndugu yangu, shetani hakuhitaji kunishawishi, nilimtangulia.

Mama mkwe alikuwa amekwenda arusini Ulyankulu. Nikavuta sanduku lake uvunguni, nikatoa shanga kuukuu za buluu, nikakata uzi. Nikavunja chungu. Kwa muuza supu nikaomba mifupa. Vyote nikavizika upande wetu wa kilima, mvua ikanyesha ikafuta alama, nikajiona fundi kweli kweli.

Neema alipovikuta alipiga magoti kama anayeswali. Akazungusha utepe, akatoa brashi, na muda wake wote uliobaki akaumalizia kwenye shimo langu. Upande wa magharibi wa kilima aliupitia juu juu. Mimi nampelekea chai na viazi vitamu, namuuliza, "Umeona kingine, mdogo wangu?"

Akaitisha mkutano atuonyeshe. Mama mkwe alisharudi, na kwa kuwa masikio yake ni mazito, tulikaa mbele. Neema akavaa glavu, akainua kimfuko chenye shanga.

"Hizi huenda zilivaliwa na mwanamke aliyefuatana na msafara," akasema.

Wanaume wakanyoosha shingo. Mwenyekiti wa mtaa akaomba azione kwa karibu, akazigeuza geuza kwenye mwanga, kisha akampa imamu naye atazame.

Mama mkwe akaniinamia. "Mama Zuhura."

"Abee, mama."

"Imamu ameshika shanga zangu za kiunoni."

"Labda zimefanana, mama."

"Nimeingia nazo kwa baba mkwe wako. Nisizijue?"

Lakini angesemaje? Asimame mbele ya mtaa mzima adai vitu vile? Akavuta ushungi mpaka puani. Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya khanga nisicheke.

Nyumbani ndipo kicheko kilipokauka. "Umefungua sanduku langu," akasema.

"Ni kwa ajili ya ukuta wako, mama."

"Ukuta unakandikwa. Zile alininunulia marehemu tulipochumbiana." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Upande wetu ukazuiwa, kampuni ikahamia magharibi. Siku ya kwanza tu kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikafukua mafiga yaliyopangwa safu kwa safu, jivu, vigae, majembe ya chuma ya kizamani, na shanga, safari hii zisizo za mkwe wa mtu. Ilikuwa kambi yenyewe. Dereva hakujua anachokiona. Vikasombwa pamoja na mawe, vikaingia kwenye mashine ya kusaga kokoto. Mpaka jirani mmoja anamtumia Neema picha kwa simu, sehemu kubwa ilishakwenda.

Nilimkuta amekaa juu ya lundo la kifusi, kipande cha jembe mapajani. Nikamwambia yote, mpaka mifupa ya supu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Vumbi. Baruti. Ukuta wa mama."

"Nilipita kila nyumba kuuliza hayo hayo, dada. Malalamiko ya wakazi yanaingia kwenye ripoti ile ile. Kwako uliniambia hakuna shida, ukaniwekea chai."

Kweli nilisema hivyo. Niliogopa nikilalamika atanishuku.

Neema alilazimika kuandika upya ripoti na kukiri kwa wakubwa wake kwamba alidanganywa na mama wa nyumbani. Mimi nikasimama kwenye mkutano, nikasema mbele ya watu shanga ni za nani. Mwenyekiti mpaka leo akiniona anatazama mikono yake. Mama mkwe amehamia kwa binti yake Nzega, na nikimpigia simu kumwamkia, ananijibu marahaba, basi.

Kazi imesimamishwa pande zote. Kilichookolewa magharibi kinajaa kwenye toroli moja. Kilichobaki kimeshindiliwa kwenye barabara mpya tunayopita kwenda mjini.

Kwa hiyo wewe unayekaa karibu na machimbo, nakusihi. Ukiona kigae au chuma cha kale ardhini, kiache hapo hapo kilipo, uwaite wanaohusika. Na mtaalamu akibisha hodi akakuuliza kama machimbo yanakusumbua, mwambie yanakusumbua. Mwingize ndani, mwonyeshe ufa.