Vihra na tanzia za Charodeyka

RUSE, Bulgaria. Saa nane kamili mchana jengo zima linatulia. Drili ya ghorofa ya pili inanyamaza, redio zinazimwa, na mama aliyekuwa akipiga zulia lake uani anarudi ndani. Mpaka saa kumi ni saa za kupumzika, na katika mtaa wa Charodeyka saa hizo zinaogopwa kuliko polisi.

Ndipo Vihra Tasheva anapoingia kabatini.

Ni kabati la nguo la mbao, la marehemu mama yake. Makoti ya baridi ameyasukuma huku na huku, katikati ameweka kigoda na maikrofoni aliyoinunua kwa leva 120. Makoti yanameza mwangwi. Yananuka sabuni na marashi ya zamani, na mwenyewe anasema akikaa humo dakika kumi hivi, anajikuta kati ya kuamka na kulala.

"Humu ndani sauti yangu inakuja taratibu, kama ya mtu anayeongea usingizini," anasema. "Huko nje naongea kama muuza mikate."

Na muuza mikate ndiye. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, mwanamke huyu wa miaka 47 yuko kwenye duka la mikate karibu na kituo cha basi, akiepua banitsa, mikate ya matabaka yenye jibini, kutoka kwenye oveni. Saa saba mchana anavua aproni. Mshahara wake ni leva 1,300 kwa mwezi, na podikasti anayoitengeneza mchana haimwingizii chochote. Hajawahi hata kujaribu.

Leo mlango wa kabati uko wazi. Mbele yake, kitandani, ameketi Bibi Evdokia Mindova, miaka 86, mkoba mapajani, miguu haifiki sakafuni. Huyu ndiye atakayeamua kama podikasti itaendelea au itaishia hapa. Vihra amejiapiza: bibi akisema basi, ni basi, na maikrofoni ataigawa.

Sababu ni moja. Wiki tano zilizopita, mbele ya wasikilizaji wake wote, Vihra alitangaza kwamba Bibi Evdokia amekufa.

Podikasti inaitwa Jina Mlangoni. Huku kwetu mtu akifa, tanzia yake inabandikwa kwenye mlango wa jengo alimokaa, kwenye nguzo ya taa, kwenye mti, kituo cha basi. Picha, jina, umri na mistari mitatu. Siku ya arobaini inabandikwa nyingine, kisha ya miezi sita, ya mwaka, ya miaka kumi. Wafu wa Charodeyka hawana haraka ya kuondoka. Unakwenda zako kununua maziwa na wao wanakutazama tu.

Miaka minne iliyopita ilibandikwa ya Bi. Stoyna, mama yake Vihra.

"Nilikwenda kwa mchapaji, akanipa orodha nichague. Mama mpendwa, bibi asiyesahaulika, jirani mwema. Nikamwambia mama yangu alikuwa anapiga mluzi hadi ndege wanamjibu. Nikamwambia alimkataa baba yangu mbele ya msajili akiwa ameshavaa gauni, halafu wiki iliyofuata akaolewa na baba huyo huyo. Mchapaji akanisikiliza hadi mwisho, maskini. Akasema, dada, mistari ni mitatu."

Jioni hiyo hakuweza kula. Siku ya arobaini aliingia kabatini na simu, akafunga mlango, akasimulia yote yaliyokosa nafasi kwenye karatasi. Alilia humo mpaka akachoka. Kisha akawatumia majirani kumi na mmoja. Wiki haikwisha, wa ghorofa ya saba akamwomba amfanyie mumewe.

Hadi sasa amesimulia habari za watu 87. Wasikilizaji ni kama mia sita, wengi wao watoto wa Ruse waliohamia Hispania na Ujerumani, ambao humsikiliza wakiosha vyombo vya watu. Mmoja alimwandikia kwamba akifumba macho anasikia hadi harufu ya pilipili hoho zinazochomwa vibarazani mwezi wa Septemba.

Utaratibu wake ni mwepesi. Anachagua tanzia, anawauliza akina mama wanaokaa kwenye benchi mbele ya jengo, anaiomba familia ruhusa kama ipo, anakwenda makaburini kumsalimia mwenyewe. Kisha anasubiri saa nane.

"Mimi nikifa usiniguse," Kalina, mwenzake wa dukani, humtania Vihra. "Najua utaanza na uzito wangu."

Mwezi Agosti kwenye mti mmoja ilibandikwa tanzia ya miaka kumi ya Gancho Mindov, aliyekuwa mwendesha winchi kwenye bandari ya hapa, mtoni Danubi. Benchi lilimsifu sana. Mkewe pia lilimsifu: alikuwa hivi, alikuwa vile. Mke huyo alikuwa amehama Charodeyka miaka mitatu nyuma, na kwa benchi lile aliyehama na aliyekufa hawapishani sana. Ruhusa Vihra alikosa wa kumwomba, kwani walimwambia wawili hao hawakuzaa.

Makaburini akakuta jiwe lenye picha mbili, mume na mke, wote vijana, wanacheka.

Sasa, hapa kwetu mmoja akitangulia, mwenzake anachongwa papo hapo: picha, jina, mwaka wa kuzaliwa na kistari. Baada ya kistari panaachwa wazi, panamsubiri. Vihra analijua hilo kuliko wengi, maana mama yake mwenyewe alisubiri miaka kumi na mmoja kwenye jiwe la baba. Lakini siku hiyo shada kubwa la maua lilikuwa limefunika mstari wa chini.

Akarudi nyumbani, akaingia kabatini, akamaliza hivi: sasa wamelala pamoja, na Danubi inawapitia.

"Sentensi hiyo ilinijia nikiwa bado nimesimama kaburini," anakiri. "Niliipenda mno. Niliyaona yale maua, nikawaza niyasogeze, halafu nikaogopa. Nikisogeza na nikute pako wazi, sentensi inakufa. Basi nikamuua bibi wa watu."

Huko Varna, Rositsa, binti wa kaka yake Bibi Evdokia, alisikiliza Jumamosi asubuhi. Mara ya mwisho kumpigia shangazi yake ilikuwa Pasaka. Alilia kwa aibu, akachemsha ngano tamu ya kuwagawia watu kumwombea marehemu, kisha akapiga simu ya nyumbani kwa shangazi ili ajue nani anashughulikia mazishi. Simu ikapokelewa.

"Nani mwenzangu?" aliuliza Rositsa.

"Nani tena. Mimi."

"Shangazi? Si umekufa wewe?"

"Sijaarifiwa."

"Nimeshachemsha ngano."

"Umetia sukari?"

"Nimetia."

"Basi usiwagawie watu. Niletee."

Habari zilifika Ruse, mji ukacheka. Vihra hakucheka. Aliiondoa sehemu hiyo siku ile ile, akaomba radhi, akanyamaza. Kwa wiki tano saa nane zilikuja na kupita akiwa amelala ubavu, anasikiliza jengo likipumua. Alikuwa akiota, anasema, kwamba tanzia zote za mtaa zimegeuza nyuso ukutani.

"Watu walikuwa wamenipa wafu wao," anasema. "Hawakuwa na kingine cha kunipa. Nami nikajiona mwizi."

Wiki iliyopita alijikaza, akafunga banitsa kwenye karatasi, akaenda kwenye chumba anachoishi bibi sasa, karibu na stesheni ya treni. Mlango ulifunguliwa kidogo.

"Wewe ndiye uliyenizika?"

"Ni mimi, bibi."

"Vua viatu."

Alipomaliza kuvua, Vihra aliinua uso. Alikuwa anaijua ile sura. Kwa miaka sita, mpaka siku alipohama, bibi huyu alikuwa akija dukani kila asubuhi kununua nusu mkate wa rai, ule mweusi. Vihra alimkatia nusu mkate zaidi ya mara elfu moja, na hakuwahi kujua anaitwa nani.

Bibi hakumgombeza kwa lile la kifo. Rositsa, aliyekuwa ameihifadhi simuni, alipoleta ngano alimchezea ile podikasti mara tatu, na malalamiko yake ni mengine kabisa. Leo ameyaleta hapa kitandani.

"Kufa ni jambo la kawaida, litakuja," anasema huku Vihra akimsogezea maikrofoni. "Lakini eti nilikuwa mpole. Nani kakwambia?"

"Majirani, bibi."

"Waongo. Na eti mimi na Gancho hatukuwahi kukoseana. We msichana, umewahi kuona mume?"

"Nilikuwa naye. Tuliachana."

"Basi ulijua unadanganya. Washa hicho kidude."

Vihra anawasha. Taa ndogo nyekundu inaonekana kati ya makoti. Nje hakuna gari, hakuna mlango unaofungwa. Mwanga wa Septemba umelala sakafuni, na bibi anaongea akiutazama.

Anasimulia mwaka ambao Gancho alipata uhamisho kwenda bandari ya Varna, baharini, jambo alilolitamani tangu utoto. Yeye akakataa kumwacha mama yake mgonjwa. Gancho akabaki, lakini majira yote ya baridi hakumsemesha. Aliongea na jiko.

"Anasema, jiko, mwambie huyo chumvi imezidi. Nami nasema, jiko, mwambie huyo apike mwenyewe. Miezi minne. Masikini lile jiko."

Vihra anaziba mdomo kwa mkono wa koti ili asicheke kwenye maikrofoni.

"Machi mosi nilikuwa naosha vyombo. Akaja kwa nyuma, akanishika mkono ukiwa na povu, akanifunga uzi mwekundu na mweupe, kama wanavyofungana watu wote siku hiyo. Nikasubiri aseme kitu. Akasema, jiko limechoka." Bibi anauweka sawa mkoba mapajani. "Bahari hakuitaja tena mpaka anakufa. Na mimi sikumwambia kwamba nilijua alichokiacha kwa ajili yangu. Nilimpenda sana, mwanangu. Sikumwambia hata hilo. Andika hilo."

"Limeshaingia, bibi."

Vihra haizimi maikrofoni. Kisha anauliza lile alilomwitia.

"Bibi, niendelee au niache?"

Bibi Evdokia anafungua mkoba, anatoa kitambaa, anajifuta pua, anafunga mkoba.

"Kwanza nami nikuulize. Ulinikatia mkate miaka yote ile. Ukaja kuulizia habari zangu siku uliyodhani nimekufa. Kwa nini?"

Vihra anatoka kwenye kigoda, anakuja kuketi kitandani kando yake.

"Ungeniuliza mapema, tungefika mbali," anasema bibi, sasa kwa upole, upole ule ule anaoukana. "Gancho ungemkosa, lakini mimi nilikuwepo, nimesimama mbele yako na sarafu mkononi. Endelea. Iweke yote, ulivyonizika na nilivyokujibu. Lakini uanze na walio hai. Wafu hawana haraka."

Vihra anamshika mkono, anaubusu, na analia bila kujificha. Bibi anamwacha alie, kisha anaulizia teksi.

Saa kumi inapigwa na drili ya ghorofa ya pili. Vihra anazima taa nyekundu na kueleza mpango wake. Jengo lake lina milango arobaini. Ameishi humo tangu azaliwe, na kwa hesabu yake amewahi kuketi ndani ya minne, yote ikiwa na msiba. Kabla theluji haijaanguka anataka awe amegonga yote. Podikasti itabaki na jina lake, kwani kwenye milango hiyo bado kuna majina ya wenyewe.

"Sijui watanielewa vipi," anasema. "Wamezoea kwamba nikija, kuna jambo."

Anaanza na ulio mkabala na wake. Anakaa humo Bwana Zhelyazko, mjane, fundi saa mstaafu, ambaye kwa miaka kumi na tisa wamesalimiana kwenye ngazi wala hawakupita hapo. Vihra anajitengeneza nywele, anavuka hatua tatu, anabonyeza kengele. Kandambili zinasikika zikija, zinasimama.

"Nani?"

"Vihra, jirani."

Kandambili zinasogea hatua moja zaidi.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," anasema Vihra. "Nimekuja kwako."

Mnyororo wa mlango unachukua muda mrefu kutoka. Ni wazi haujafunguliwa kwa ajili ya mgeni siku nyingi.