Bi Taa na Ngazi ya Kuamkia Viatu

"Nimempa dobi shikamoo! Mtoto wa kumzaa mwenyewe!" Mshonaji wa ghorofa ya chini anapiga ukuta wa ngazi kwa kiganja. "Naye bila haya akaitika marahaba!"

"Si ungemtazama uso kwanza?" anacheka jirani yake, mwalimu mstaafu.

"Uso upi, mwalimu? Taa zote zimeinamia sakafu. Nimeona kiatu cheusi kinang'aa, nikadhani ni wewe. Kesho fundi umeme anakuja, zing'olewe!"

Ni saa kumi na mbili jioni. Aliyebuni taa hizo amesimama ngazi chache juu yao, begi begani, hapandi wala hashuki.

Majirani humwita Bi Taa. Kwa miaka kumi na saba amebuni mwanga wa majengo: taa ikae wapi, imulike nini, kivuli kiachwe wapi. Hoteli, maktaba, kumbi. Arobaini na moja kwa jumla.

"Watu hudhani nabadilisha balbu," anasema. "Shangazi yangu umeme ukikatika ananipigia mimi, tena kwa ukali."

Siku ya uzinduzi wenzake hupigwa picha. Yeye hukaa nyuma kabisa, akitafuta taa inayochezacheza. Wenye jengo wakishaingia, yeye hana la kumrudisha pale.

Katika jengo hili amekaa miaka mitatu. Mezani kwake kuna kiti kimoja.

"Majirani nawajua kwa vishindo vya miguu," anasema. "Nikisikia mtu anapita, nasubiri amalize ndipo nifungue mlango. Sijui hata nilianza lini."

Taa za ngazini alizitoa zawadi, mwezi mzima wa kupima na kuchora. Ndizo za kwanza alizobuni mahali anapoishi. Ziking'olewa, anasema, atafungasha virago. "Nitabaki kwa nani?"

Anashuka.

"Kosa ni langu, dada," anamwambia mshonaji. "Niliipima ngazi hii kama mtu anayepita peke yake, asijikwae basi. Sikukumbuka kwamba watu husimama wakaongea."

Mshonaji, aliyejiandaa kwa vita, anaondoa kiganja ukutani.

Bi Taa anatoa taa ndogo begini, anamkabidhi mwalimu. "Ishike usawa wa bega. Igeuzie ukutani, isituchome macho."

Mwanga unagonga ukuta mweupe na kurudi taratibu. Nyuso tatu zinatokeza.

"He! Kumbe una vishimo mashavuni!" mshonaji anamsogelea Bi Taa. "Miaka mitatu unatuficha?"

Mpango wa Bi Taa sasa, anawaeleza, ni taa ya namna hiyo kwenye kila mlango, kabla ya mwisho wa wiki.

"Basi fundi asing'oe, aongeze," mshonaji anatoa hukumu. Kisha anamkazia macho. "Mbona umekonda hivi? Umekula?"

"Nitakula baadaye."

"Na nani?"

Bi Taa anarekebisha mkanda wa begi.

"Lete hilo begi. Mwalimu, nawe usijifanye mgeni. Piteni ndani, chakula kimeshapakuliwa."