Tabibu Salvina na Mikono ya Masalu

Salvina, ambaye Bugarama nzima humwita Mama Innocent, ametibu wagonjwa wa akili miaka kumi na saba kwa kabati moja, aina nne za dawa na mwongozo mnene wenye majibu ya kila swali isipokuwa lile analoulizwa.

Mwaka jana aliletewa Masalu, mwosha dhahabu wa duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Masalu alisikia sauti zikimwelekeza pa kuchimba. Wenzake walizivumilia miezi mitatu, maana hazikukosea zaidi ya wataalamu. Walimleta zahanati siku sauti zilipomkataza kula. Salvina akampa haloperidol, dawa ya kunyamazisha sauti za namna hiyo, akaipandisha dozi kama mwongozo unavyoruhusu, sauti zikanyamaza.

Mwezi haujaisha, Masalu akarudi na msimamizi wake, Ngassa.

"Shikamoo, Mama Innocent."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Kichwa kizima. Ila mikono inacheza ngoma ambayo sijaialika."

"Anamwaga mchanga," alisema Ngassa, "na mchanga wetu una mali. Watu wanasema anamwaga makusudi, aje kuokota jioni. Ama aache vidonge, ama aache karai la kuoshea."

"Akiacha vidonge, utamlisha wewe?"

 

Dawa ile ikizidi hutetemesha mikono, na Salvina alijua kosa ni lake. Alikuwa amemhoji Masalu kuhusu usingizi, choo na ukoo mzima mpaka mabibi. Kwenye kazi aliandika "mchimbaji", akapita. Mtu wa sururu hutetemeka kidogo na dunia isijue. Mwosha dhahabu hana nafasi hiyo. Akapunguza dozi nusu, akawaagiza warudi baada ya wiki mbili, na karai.

"Karai la nini tena, mama?"

"Wa presha nampima presha. Wewe nikupime nini?"

Walirudi, Ngassa amebeba karai na ndoo ya mchanga. Salvina akawapeleka bombani, na foleni nzima ya kliniki ya watoto ikahamia huko. Masalu akachuchumaa, akazungusha. Tope likatoka na maji, mchanga mzito ukabaki chini, mweusi, umejikunja kama ukucha. Hakuna kilichoruka pembeni. Mama mmoja akauliza kama kipimo hicho ni bure.

"Zungusha tena," alisema Ngassa.

Akazungusha tena.

"Na sauti?" aliuliza Salvina.

"Kimya. Nakula, nalala."

Salvina akaandika kwenye cheti: dozi ibaki hapohapo, anaosha bila kumwaga.

Ngassa akainama kuchukua karai.

"Liache," alisema Masalu. "Nitabeba mwenyewe."