Mtambo wa Chapa Uliogoma Thika

Wenzangu wa Majengo, mmeniuliza sana nilifuata nini bara kwenye baridi ile, na kila mtu keshajipa jibu lake. Wengine mnasema nilifuata mke. Wallahi nilifuata mtambo wa chapa! Njoroge, tuliyejifunza naye kazi katika karakana moja ya Nairobi tulipokuwa vijana, aliniletea barua ya mistari minne. Mtambo anaousimamia ulihamishwa kutoka Ruiru kwenda Thika. Yeye ndiye aliyeufungua na yeye ndiye aliyeuunga upya, na tangu siku hiyo haufanyi kazi. Usipopona kufikia Jumamosi, tajiri atamwachisha kazi. Nanyi mnajua siku zile za hali ya hatari zilivyokuwa. Mkikuyu aliyepoteza kazi alipoteza na kibali cha kukaa mahali, akarudishwa kijijini na mke na watoto. Nikaomba ruhusa, nikafunga spana zangu ndani ya kikoi.

Jumatano jioni niliondoka Mombasa kwa gari moshi, daraja la tatu, nikalala kama gunia la mchele hadi Nairobi. Asubuhi nikapanda gari la Thika. Dirishani ilikuwa kahawa, kisha kahawa tena, mistari imenyooka hata nikaona wivu kwa niaba ya wachapaji wote. Baridi ilinishika mpaka magotini. Abiria mmoja aliniona nikitetemeka akacheka bila haya, nami nikamwambia ngoja uje kwetu mwezi wa pili, tutaona nani atacheka.

Ruiru nilishuka saa nne. Njoroge alikuwa stesheni, amevaa koti refu la kijeshi, amekonda. Tulikumbatiana. Nyumbani mkewe, Wambui, alinipakulia mahindi na maharagwe sahani iliyojaa kama kichuguu, na nilipomaliza akaongeza bila kuniuliza.

"Shemeji," akasema, "huyu siku hizi halali. Anafungua bolti kwa ndoto. Juzi amenishika sikio akalizungusha!"

Tulicheka sote, Njoroge pia. Lakini kikombe chake cha chai kilipoa bila kuguswa.

Ijumaa asubuhi tulidandia lori la mkonge, dereva alikuwa akimjua Njoroge, tukafika Thika makoti yamejaa nyuzi. Tajiri, Bwana Chunilal, alikuwa mlangoni. Mtu mwembamba mwenye miwani, mkononi ana karatasi. Alikuwa amepewa kazi ya kuchapa lebo za mikebe ya mananasi.

"Fundi, ona nanasi yangu," akaniambia hata kabla ya salamu. "Nakatwa kichwa!"

Kweli, picha ilikuwa imekwenda upande, majani ya nanasi yamebaki nje ya karatasi.

"Mtu yako nafunga mbaya," akasema. Njoroge alitazama chini.

Tukauwasha. Nikaona magonjwa mawili. Wa kwanza: silinda ina meno ya chuma yanayoishika karatasi na kuivuta ipite juu ya wino. Upande wa kulia karatasi ilivutwa vizuri, wa kushoto ikachelewa, ndiyo maana ilikwenda mshazari. Wa pili: baada ya robo saa swichi ya mota ilipata moto, fyuzi ikaungua, kimya. Nikasema huu ni mtambo uliohamishwa, basi ama umekaa vibaya ama kuna kitu kimefungwa vibaya. Nikatoa pima maji, nikapima sakafu. Nikakagua bolti moja moja, mkanda, gia, nyaya zote mpaka ukutani. Asubuhi nzima nilikuwa naikagua kazi ya Njoroge, naye amesimama kando, mikono nyuma. Sikupata kosa hata moja. Ebo! Mimi mwenyewe nisingeufunga vizuri vile.

Saa nane mchana, baada ya kula, tukabadilisha fyuzi na kuuwasha tena. Sanduku la swichi lilipoanza kupata moto, nikanusa kitu. Nikainama, nikanusa tena.

"Hiyo ni mota inaungua," Njoroge akasema. "Harufu hiyo iko tangu siku ya kwanza."

"Mota gani, ndugu yangu! Hii ni nazi. Nazi iliyochacha!"

"Athumani, umeanza kukumbuka kwenu. Nazi itoke wapi Thika?"

Lakini pua ya mtu wa pwani hamuwezi kuidanganya kwa nazi. Nikazima umeme huko ukutani, nikafungua kifuniko. Sisimizi walikuwa wamepanga foleni. Mna kipande cha kifuu humo, kimepenya kwenye tundu la juu, chenga za nazi zimegeuka njano, na shaba za swichi zimepakwa maji ya nazi yaliyokauka kama gundi. Zitagusanaje vizuri? Lazima zipate moto. Hapo nikaingiwa na wazo. Nikachukua tochi, nikalala chali chini ya silinda, nikayatazama meno upande wa kushoto. Chini ya jino la tatu ilikuwa imekwama punje ya mchele, ikilizuia kubana karatasi, tena imepakwa rangi nyekundu.

Sisi tuliokaa na Wahindi mtaa mmoja tunajua. Wakifungua duka jipya huvunja nazi, hutupa mchele mwekundu, huweka maua, wakaiombea kazi baraka.

"Siku ya kufungua hapa ulikuwapo?" nikamuuliza.

"Nilipewa mapumziko. Niliporudi nilikuta maua ya njano juu ya mashini, nikayatoa." Kisha uso wake ukabadilika. "Ngai! Ni Ba."

Ba ni mama yake Bwana Chunilal, na wote pale humwita hivyo. Damu ilinichemka. Wiki tatu mtu anaitwa mharibifu kwa sababu ya nazi? Nikaelekea ofisini, nikashikwa mkono.

"Usiseme," Njoroge akaniambia. "Wambui alipojifungua, huyo mama alituletea maziwa na samli mpaka mtoto akanenepa. Nitamwaibisha mbele ya mtoto wake? Sema bolti moja ilikuwa imelegea."

"Halafu ufukuzwe kwa bolti ambayo haikulegea? Sisemi!"

Tukabishana kwa kunong'ona huku tukifanya kazi. Tulisugua shaba kwa msasa, tukafuta sanduku, nikaichomoa punje kwa sindano na kuiweka juu ya karatasi pamoja na kile kifuu.

Saa kumi Ba akaja na chai, kama kawaida yake. Bibi mdogo, sari nyeupe, miguu mitupu. Akaiona karatasi. Akaichukua ile punje, akaitazama karibu na jicho. Akamwita mwanawe kwa sauti iliyofika barabarani, akasema naye Kigujarati kidogo, kisha akageuza Kiswahili ili nasi tusikie.

"Mimi navunja nazi hapa juu. Mimi natupa mchele. Wewe nasema Njoroge. Mwambie pole."

"Ba, wateja nasikia..."

"Mwambie!"

Bwana Chunilal alivua miwani akaifuta. "Njoroge, pole," akasema. "Kosa si yako. Kazi ni yako."

Tukauwasha. Lebo ya kwanza ikatoka imenyooka. Ya pili, ya kumi, mananasi yote na vichwa vyao! Robo saa ikapita, nusu saa, fyuzi imetulia. Njoroge akacheza pale pale kando ya roli za wino, na Ba akacheka hadi akajifunika uso kwa sari. Halafu akaleta nazi nyingine, akaivunja nje kabisa, kwenye ngazi, akampaka Njoroge nukta nyekundu kipajini na kumtia kipande kinywani. Njoroge alitafuna, akatafuna.

"Athumani," akaniuliza, "hii ni chakula ama ni mti?"

Jumamosi saa sita, stesheni ya Ruiru, tukingoja gari la kunirudisha, nilimwambia lililokuwa likinikaa rohoni. Nilikuja kumtetea, na asubuhi nzima sikushuku kitu kingine ila mkono wake. Tajiri alisema ni yeye, nami nikaanza pale pale tajiri alipoanzia. Nilimwomba radhi.

Njoroge alinitazama, akanipiga begani.

"Usijali," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimeshaamini ni mimi."