Siku Kanisa Zima Lilipokuja Kunipigia Kura

Chekeni tu, hata mimi nikikumbuka nikiwa naosha vyombo huwa nashika sinki nacheka peke yangu, lakini siku ile, wapendwa, nilitamani sakafu ipasuke nitokomee.

Nilikuwa nimeanza masomo ya jioni, kwenye chumba cha ghorofani juu ya maktaba, hapa mtaani kwetu ugenini, Macquarie Fields, na kanisani sikumwambia mtu (mimi ndiye kiongozi wa akina mama, nasoma Neno mbele za watu kila Jumapili, sasa ningesemaje kwamba shule niliachia darasa la saba?). Mwalimu wetu, Helen, akatupa kazi ya historia: tuigize uchaguzi wa zamani, mwanzo wa karne iliyopita, jimbo letu la New South Wales likichagua maseneta wa kwenda bunge la nchi nzima, na wanawake ndiyo mara ya kwanza wanaruhusiwa kugombea. Nikapewa kuwa mgombea mwanamke. Hotuba dakika tano, kwa Kiingereza, na hiyo ndiyo ingeamua kama napita au narudia somo.

Jumapili, wakati wa maombi, nikasimama. Ningesema yote ningepona, lakini aibu ikanishika, nikafupisha maneno: "Wapendwa, niombeeni, Alhamisi saa kumi na mbili jioni nagombea useneta."

Mama Brian (anafanya usafi hospitali huko Westmead, na sauti yake haihitaji maikrofoni) akapiga kigelegele. "Dada! Na ulikuwa umenyamaza! Unagombea wapi?"

"Juu ya maktaba," nikasema, nikijua nitamweleza vizuri baada ya ibada, na baada ya ibada pasta akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga, nikaona aah, nitaeleza kesho, na kesho nilikuwa na shifti mbili.

Kanisa likafunga siku tatu. Na mimi nikafunga (ningekulaje, na wao wana njaa kwa ajili yangu?).

Alhamisi nimesimama mbele ya darasa na gauni la kufagia barabara na kofia ya manyoya niliyonunua sokoni Cabramatta, mara nasikia ngoma kwenye ngazi. Wakaingia watu kumi na tisa, akina mama na vitenge vya sare, pasta na Biblia, na bango lenye picha yangu ya pasipoti, ile ninayofanana na mtu aliyekamatwa. Helen maskini akafurahi, akadhani nimemletea wapiga kura wa kuigiza, akawagawia karatasi.

Nikahutubia. Kila sentensi, "Amina!" Mpinzani wangu, Bwana Minh, mwenye masharubu ya kubandika, naye akaanza kuitikia Amina. Kura zikahesabiwa: alipata moja, yake.

Vigelegele! Halafu Helen akasema, "Ila kihistoria, huyu mama alishindwa."

Mama Brian akapanda juu ya kiti. "Alishindwa na nani? Tumehesabu hapa hapa kwa macho yetu! Wameiba!"

Pasta akanigeukia polepole. "Mama Joy, kwani hapa ni wapi?"

Nikavua kofia. "Pasta, hapa ni shule. Mimi ni mwanafunzi, niliachia la saba. Na huu uchaguzi ulifanyika nyanya yangu hajazaliwa."

Nikasikia tumbo la mtu linanguruma.

"Yaani," akasema Mama Brian, bado juu ya kiti, "tumefunga siku tatu kwa ajili ya homuwaki?"

Wa kwanza kucheka alikuwa pasta, na akishaanza huyo hazimiki. Helen akaniandikia kwamba nimepita, naye anacheka.

Tulipokuwa tunakunja bango, Mama Brian akanisogelea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanong'ona: "Dada, hii shule wanaandikisha lini? Mimi niliachia la sita."

Siku hizi tunakaa meza moja. Lakini nimeapa, nikisimama tena kuomba maombi nitataja kila kitu, mahali, saa, na mwaka, na kama huo mwaka ulishapita.